Krismasi imekaribia na mfuko ni mtupu: je, imani yetu ni ndogo?

SWALI

Mchungaji, Bwana asifiwe. Mume wangu alipoteza kazi miezi minne iliyopita. Tunaishi kwa kipato changu, nacho hakitoshi. Tuna watoto watatu: mkubwa ana miaka 14, wa kati 9, mdogo 5. Krismasi imekaribia na sijui tutaipitishaje. Mdogo anaulizia zawadi kila siku. Mkubwa haulizi tena chochote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mume wangu amenyamaza. Zamani yeye ndiye aliyetuongoza kwenye sala ya jioni, siku hizi anasema amechoka, anaingia kulala. Rafiki yangu ameniambia kuna mtu anakopesha haraka bila dhamana, tutalipa taratibu mwakani. Tena kanisani tumeambiwa mwenye imani atoe sadaka ya kufunga mwaka hata kama hana, Mungu atamfungulia. Nimeomba mpaka nimechoka. Je, imani yetu ni ndogo? Niwaambie nini watoto? Nikope?

Mama wa watatu

JIBU

Amina, dada yangu.

Nianze na swali linalokuuma kuliko mengine, maana usipolitua hilo kwanza, yote yaliyobaki utayafanya kwa hofu. Hapana, imani yenu si ndogo. Imani ndogo haiombi mpaka ikachoka. Na kama ukosefu wa fedha ungekuwa kipimo cha imani, ingetubidi tuanze kuitilia shaka familia ile ile ambayo Krismasi inaikumbuka.

Fungua Luka sura ya 2, usiishie kwa wachungaji, endelea mpaka mstari wa 24. Mariamu na Yusufu wanampeleka mtoto hekaluni Yerusalemu siku za utakaso zilipotimia, yaani siku 40 baada ya kujifungua. Torati, katika Walawi 12, ilimtaka mama alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na kinda la njiwa au hua. Lakini Torati hiyo hiyo iliacha nafasi kwa asiye na uwezo: kama hawezi kumpata mwana-kondoo, alete ndege wawili tu. Luka anatuandikia sadaka waliyokwenda kuitoa, nayo ni ya ndege. Mwanamke ambaye malaika alimwambia amepata neema kwa Mungu alifika mbele ya kuhani na sadaka ya watu wasio nacho, hadharani, na mtu yeyote aliyeijua Torati angeelewa maana yake. Luka haoni haya kuliandika. Na ni katika safari hiyo hiyo mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi mwake akamshukuru Mungu, na nabii Ana akaanza kuwasimulia watu habari zake. Umaskini wa sadaka ile haukumzuia Mungu kufika hekaluni.

Nikisema haya watu hunijibu kwamba mamajusi walileta dhahabu. Ni kweli, walileta. Lakini Mathayo anasema waliingia nyumbani, na Herode alipoamuru mauaji alihesabu watoto wa kiume wenye miaka miwili na waliopungua. Dhahabu ilikuja kwa wakati wake, na mara baada ya hapo familia iliamka usiku ikakimbilia Misri. Kwa hiyo hata neema ilipoingia mlangoni kwa sura ya mali, haikuwa ya kupambia sikukuu.

Katika miaka yangu ya kukaa na wanandoa wenye shida za fedha nimeona kwamba uvumilivu unaodumu hauotei mahali pa kujikaza na kuficha. Unaota mahali ambapo hali imesemwa kwa ukweli: kwa Mungu, kwa mwenzi, kwa watoto, na kwa ndugu kwa kadiri inavyowahusu. Familia inayoficha huchoka mara mbili, kwa uhaba wenyewe na kwa kazi ya kuufunika. Nadhani uchovu unaouandika ni wa aina zote mbili. Karibu kila ninalokushauri hapa chini linatoka kwenye jambo hilo moja.

Chukua habari ya mjane wa 2 Wafalme 4. Ningependa uisome pamoja na mumeo hata kama hamtaomba siku hiyo. Mume wa yule mama alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mcha Mungu, na mkewe anamshuhudia hivyo mbele ya Elisha. Mcha Mungu huyo amekufa na kuacha deni, na mwia amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Basi angalia anavyofanya mama huyu. Hajipambi. Anamwendea Elisha na kumweleza jambo lilivyo: mume amefariki, deni lipo, watoto wanachukuliwa. Elisha naye hamuulizi ameomba mara ngapi wala ana dhambi gani ya siri. Anamuuliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Mama anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta.

Hapo ndipo wahubiri wengi hukimbilia muujiza, lakini mimi nataka ukae kidogo kwenye maelekezo. Anaambiwa aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Ina maana alibisha hodi mlango kwa mlango, na majirani wakajua kwamba nyumbani kwake kuna jambo. Anaambiwa aingie ndani na wanawe na kufunga mlango. Wanawe ndio wanaomletea vyombo naye anamimina. Hawakufukuzwa wakacheze nje wakati mama anahangaika. Walishika vyombo kwa mikono yao, wakaona kwa macho yao Mungu alivyoitunza nyumba yao. Na mafuta yalipokoma, Elisha alimwambia akayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachosalia. Deni lilitangulia. Hakuna karamu katika habari ile, ingawa kama kuna nyumba iliyokuwa na sababu ya kusherehekea, ni ile.

Swali hilo la Elisha ndilo la kwanza mnalopaswa kuulizana wewe na mumeo: tuna nini nyumbani? Kaeni watoto wakishalala, mchukue karatasi. Andikeni fedha iliyopo na inayotarajiwa kwa uhakika, si ya kubahatisha. Andikeni mnachodaiwa na tarehe zake. Andikeni mahitaji yasiyokwepeka mpaka mwisho wa Januari, maana Januari ndiyo inayowavunja wengi, na Desemba husingiziwa tu. Halafu andikeni vile visivyo fedha: ujuzi alionao kila mmoja, vitu mnavyoweza kuuza bila kujiumiza, watu mnaowaamini. Kikibaki kitu kwa ajili ya sikukuu, hicho ndicho cha sikukuu, hata kiwe kidogo namna gani. Kisipobaki, mmekwisha kujua, na kujua kunapunguza hofu kuliko unavyodhani.

Ninajua utaniambia mumeo hatakubali kukaa. Tuzungumze habari zake kwa upole.

Mwanaume aliyepoteza kazi na ambaye amekaa kanisani miaka mingi ana mstari mmoja unaomlia masikioni usiku kucha. Ni 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Huenda hajakuambia, lakini nimewasikia wanaume wengi wakiutaja kwa sauti ya mtu aliyehukumiwa. Msaidie kuuona ulipo. Paulo katika sura ile anazungumzia familia zenye uwezo zinazowatupia kanisa wajane wao. Anamkemea anayekataa kutunza, na mtu anayeamka kila asubuhi akitafuta kazi asiipate hayumo katika karipio lile. Kuna wanaume waliorudi kwenye sala siku walipoelewa hilo tu.

Kisha kuna Eliya. Katika 1 Wafalme 19 nabii huyu, aliyetoka kushusha moto mbele ya taifa zima, amelala chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hamkemei kwa kukosa imani. Malaika anamgusa na kumwambia ainuke, ale. Anakula mkate, anakunywa maji, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Mazungumzo marefu kati yake na Mungu yanakuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Mungu alijua kwamba mtu aliyevunjika anahitaji kulala na kula kabla ya kuulizwa maswali. Basi mumeo akisema amechoka, mwamini. Huenda hakudanganyi.

Uchovu huo una maelezo hata nje ya Maandiko. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya na wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, ambao hupata fedha nyingi wakati wa mavuno na kukaukiwa kabla yake. Wakulima wale wale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri walipopimwa kabla ya mavuno kuliko baada yake. Akili zao hazikuwa zimebadilika. Zilikuwa zimebanwa na wasiwasi wa fedha. Nakueleza hili ili, ukijiona umesahau jambo dogo au umemfokea mtoto bila sababu, ujue kilichokupata, uombe radhi na uendelee. Na mumeo umpe nafasi hiyo hiyo.

Namna ya kuanza: usianze na Krismasi, wala usimwambie kwamba yeye ndiye kichwa cha nyumba. Mwambie unavyojisikia wewe. "Mume wangu, nimekuwa nikiubeba huu mzigo kimyakimya na naona na wewe unaubeba kimyakimya. Naomba tuubebe pamoja. Sikulaumu." Halafu nyamaza, umwache. Asipojibu siku hiyo, usimfuate chumbani kumalizia hoja.

Kuhusu sala ya jioni, usiiache ife, wala usimlazimishe aiongoze. Iwe fupi. Mtoto mmoja asome mistari michache, wewe useme maneno mawili matatu, mwisho wote mseme Sala ya Bwana. Ile "utupe leo riziki yetu" ina ukubwa unaofaa kwa wakati kama huu. Yesu hakutufundisha kuomba riziki ya mwaka mzima, na mtu aliyeelemewa anaweza kuiomba siku moja kwa siku moja. Mumeo akikaa tu bila kusema neno, inatosha kabisa. Yusufu mwenyewe hana hata neno moja lililoandikwa katika Injili zote nne. Tunachomjua ni matendo: aliamka, akamchukua mtoto na mama yake, akaondoka usiku, akarudi alipoambiwa arudi. Mungu alimkabidhi Mwanawe mtu ambaye hatujasikia sauti yake.

Lakini kuna mpaka. Kama kwa wiki mbili au zaidi ukimya umeambatana na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, kutofurahia chochote, kujiona hana thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika. Mpeleke akaonane na daktari kama ambavyo ungempeleka kwa homa. Na akitamka kwamba afadhali afe, au kwamba mtaishi vizuri zaidi bila yeye, usiseme ni maneno ya hasira. Usimwache peke yake, na tafuta msaada wa kitabibu siku hiyo hiyo. Kuombewa kuendelee sambamba, kusije kukachukua nafasi ya matibabu.

Sasa watoto, na hapa nitakaa, kwa sababu naona ndipo moyo wako ulipo.

Uhaba huwafikia watoto kwa njia gani hasa? Rand Conger na wenzake walizifuatilia familia za vijijini katika jimbo la Iowa, Marekani, zilizopigwa na msukosuko wa kilimo wa miaka ya 1980. Waliona kwamba shida ya fedha iliwaumiza watoto kwa sehemu kubwa kupitia kwa wazazi: mzazi anakata tamaa, wazazi wanaanza kugombana, malezi yanakuwa makali au yanalegea, na hapo mtoto anadhurika. Ichukue hii kama habari njema, dada yangu. Fedha kwa sasa hamna, lakini namna mnavyozungumza mezani bado iko mikononi mwenu, na hiyo ndiyo inayowafikia watoto kwanza.

Mdogo wa miaka 5 anaulizia zawadi kila siku kwa sababu hajapata jibu. Majibu kama "tutaona" au "ukiwa na adabu utapata" kwake ni ahadi. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, watafiti waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 5 jaribio la kungoja: kuna peremende laini moja mezani, ukiweza kungoja bila kuila utapewa ya pili. Kabla ya jaribio, nusu ya watoto walikuwa wameahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea wakaletewa kweli. Nusu nyingine waliahidiwa vile vile, halafu mtu mzima akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Walioona ahadi ikitimizwa walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3 hivi. Kwa hiyo subira ya mtoto haitokani na tabia yake peke yake, inategemea pia kama watu wazima walio karibu naye wanaaminika. Ukitaka kumfundisha mwanao kumngoja Mungu, mfundishe kwanza kwamba neno la mama ni neno. Usimwahidi usichokuwa nacho mkononi.

Mwambie hivi, ukiwa umeketi usawa wake: "Mwaka huu hatutanunua zawadi, kwa sababu baba hajapata kazi mpya na fedha tuliyo nayo ni ya chakula na nyumba. Tutakuwa pamoja siku nzima, na wewe utachagua mchezo mmoja ambao sote tutaucheza, baba pia." Atalia. Mwache alie, mpakate. Usianze kumhubiria kuhusu watoto wenye shida zaidi yake. Hicho ni kilio cha haki, na dakika chache baadaye atauliza kuhusu ule mchezo. Na ukishaahidi mchezo, uchezwe.

Wala usimwambie kwamba Yesu hakumletea zawadi mwaka huu, au kwamba mwakani Yesu atamletea. Nalisema hili kwa uzito. Mtoto anayeambiwa hivyo atajiuliza kwa nini Yesu amewapelekea wenzake na yeye akamruka. Fedha zimepungua kwa sababu kazi imekwisha; iseme hiyo sababu, Mungu abaki kuwa yule anayekaa nanyi ndani ya upungufu.

Wa miaka 9 mara nyingi husahaulika katikati. Umri huu hujilinganisha sana na wenzao, na kinachomsumbua ni swali la shuleni: wewe umepata nini? Mfanyie mazoezi ya jibu ambalo si uongo wala si aibu: "Mwaka huu tumekaa nyumbani na familia, tukasoma na kucheza." Mpe pia kazi ya kweli katika siku ile.

Huyu wa 14 ambaye haulizi tena, mfuate akiwa peke yake, mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, si ana kwa ana kama kikao. Mtoto wa umri huo anayenyamaza ameshajua, na amejiamulia kwamba njia ya kuwasaidia ni kutohitaji kitu. Inaonekana kama ukomavu, na wazazi wengi huisifu, lakini ukiiacha hivyo anaanza kujifunza kwamba mahitaji yake ni mzigo kwa wanaompenda. Mwambie umeona. Mweleze hali kwa ukweli unaomtosha: kazi iliisha lini, mnaishi kwa nini sasa, mpango ni upi. Kisha mwambie wazi kwamba kutafuta fedha ni kazi yenu wazazi, yeye hana deni hilo. Umpe nafasi ya kushika vyombo kama wana wa yule mjane, lakini kumimina kubaki kwako. Na muulize swali ambalo pengine hajaulizwa kwa miezi minne: wewe unahitaji nini? Huenda atasema hakuna. Muulize tena siku nyingine.

Mkopo sitauzungusha. Usikope kwa ajili ya sikukuu. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na mjane wetu alijua hilo si fumbo. Mtu anayekopesha haraka bila dhamana anajua atakavyoirudisha fedha yake. Dhamana inakuwa heshima yako, simu za usiku, na ndugu zako kutajiwa deni lako. Piga hesabu mwenyewe. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Ikiwa riba inaongezwa juu ya deni kila mwezi nawe hujalipa kitu, baada ya miezi sita deni limefika karibu mara 1.8 ya ulichochukua, na baada ya miezi 12 limepita mara 3. Mmekwisha kukaa miezi minne bila mshahara wa mumeo. Mtalipa taratibu kwa fedha ipi? Sisemi kila mkopo ni dhambi. Kukopa kwa ajili ya matibabu, au kwa kifaa cha kazi ambacho kitarudisha fedha, ni mazungumzo mengine, na hata hapo uliza jumla utakayolipa, tarehe, na adhabu ya kuchelewa, vyote viwe kwenye maandishi. Deni la siku moja ya furaha litawakuta Juni bado mnalilipa, na kila mkilipa litafungua kidonda upya kati yako na mumeo.

Kuhusu sadaka, naandika nikiwa mchungaji na najua ninawagusa wenzangu. Fedha ya chakula cha watoto wako usiitoe kwa kuogopa kwamba Mungu atafunga mlango. Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika barua ya pili sura ya 8, kwamba penye nia sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Watu hunukuu senti mbili za mjane kule Marko 12, na mjane yule namheshimu sana. Lakini someni na mstari wa 40, uliotangulia tu habari yake, ambapo Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Na katika Marko 7 anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Yesu hakukubali Mungu atumike kuwanyima wa nyumbani haki yao. Una nguvu, una sauti, una saa chache za kumtembelea mgonjwa. Toa hivyo kwa furaha, na usiinamishe kichwa kapu likipita.

Ndugu wanaotarajia mje au muwapokee waambieni mapema, sentensi mbili, bila maelezo marefu na bila kuomba radhi kama wahalifu: mwaka huu hatuwezi kusafiri wala kupokea wageni, tunawapenda, tutazungumza siku yenyewe. Aseme mumeo kwa ndugu zake na wewe kwa wako, ikiwezekana. Atakayenuna ataninunia mimi niliyewashauri.

Na pawe na mtu mmoja au wawili wanaoijua hali kamili. Mzee wa kanisa mwenye kutunza siri, dada yako, jirani mliyepitia mengi pamoja. Wakileta msaada, pokeeni. Walawi 19 iliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni wala wasirudi kuokota yaliyoanguka, wayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Ilikuwa sehemu yao kwa amri ya Mungu, na Ruthu aliyeokota mazao hayo ndiye aliyemzaa Obedi, babu yake Daudi, akatajwa kwa jina katika ukoo wa Yesu.

Siku yenyewe msiifanye ya kuvumilia tu. Mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho ugumu aliozaliwa nao mtoto Yesu, akaandaa hori, majani makavu, ng'ombe na punda, basi. Watoto wako wanaweza kuigiza Luka 2 kwa shuka na sanduku. Wa miaka 9 apewe kazi ya kupanga nani awe nani, na mkubwa asome. Mumeo mpeni nafasi ya Yusufu, maana haina maneno ya kukariri. Mnachokula kiwe kile mnachoweza, mkile kwa wakati mmoja wote mkiwa mezani, simu zikiwa mbali, kwa sababu picha za karamu za wengine hazitamsaidia mtu siku hiyo. Na wewe, tafadhali, usishinde ukiomba radhi. Mama akisema "samahanini wanangu" kila baada ya saa moja, watoto wanafundishwa kwamba siku waliyoifurahia ilikuwa ya huzuni.

Utaratibu wake uwe hivi. Leo mwambie rafiki yako kwamba hukopi, ili jambo hilo litoke kichwani. Kesho au keshokutwa zungumza na mumeo, na mfanye ile karatasi. Watoto waambieni baada ya hapo, mkiwa wawili kama atakubali, na mkubwa umwone peke yake kwanza ili asisikie pamoja na wadogo. Halafu niandikie tena baada ya wiki mbili unieleze mumeo anavyolala na anavyokula, kwa sababu hilo ndilo nitakalokuwa nikilifikiria.